Ushirika Bila Kanuni ya Imani: Waunitaria wa Milima ya Khasi na Mizani ya Maneno

Utangulizi

Katika Kiswahili cha makanisani, neno kanuni limekaa ubavuni mwa neno imani kwa muda mrefu. Mkatoliki anayesimama siku ya Jumapili na kutamka yale anayoyasadiki husemwa kwamba anakiri Kanuni ya Imani. Neno lenyewe limetoka mbali. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kilikuwa kimelipokea kutoka Kiyunani, ambako lilitaja ufito ulionyooka wa kupimia. Kanuni, basi, ni kipimo, na kilichopinda hutambulikana kwa kuwekwa kando yake.

Ugumu unaanza pale mfasiri anapokutana na jumuiya ya kidini ambayo haina kanuni ya imani, inajivunia kutokuwa nayo, na bado inadai kwamba watu wake wanaunganishwa na misingi ya kiroho wanayoishiriki. Jumuiya hiyo ni ile ya Waunitaria. Jina lao lilitokana na kushikilia kwamba Mungu ni mmoja bila nafsi tatu, na historia yao imeenea kutoka Transylvania hadi Marekani na Bara Hindi. Mfasiri akiiita misingi yao "kanuni", tayari amewavika joho walilolivua. Akiliepuka neno hilo, inampasa aseme ni kitu gani basi kinachowaweka pamoja.

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kupitia kikundi kimoja kidogo, kile kilichokutana katika mji wa Jowai, kaskazini mashariki mwa India, mwaka 1887. Kikundi hicho kimechaguliwa kwa sababu misingi yake iliundwa katika lugha ya wenyeji na kwa kalamu ya mwenyeji. Aidha, maswali yaliyowakabili watu wale yanafanana sana na yale yanayomkabili mtu yeyote anayejaribu kuzungumzia umoja wa Mungu na umoja wa watu kwa Kiswahili.

Chimbuko la jina

Mnamo tarehe 27 Oktoba 1553, tabibu wa Kihispania Michael Servetus alichomwa moto mjini Geneva. Kosa lake lilikuwa la maneno: alikuwa ameandika, tangu mwaka 1531, kwamba mafundisho ya Utatu hayamo katika Maandiko. Miaka 15 baadaye, huko Transylvania, sehemu ambayo leo imo ndani ya Romania, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwezi Januari 1568 baraza la nchi lilikutana katika mji wa Torda chini ya mfalme kijana János Zsigmond, likaamua kwamba kila mhubiri aihubiri Injili kadiri anavyoielewa. Watu wa kila mji walipewa uhuru wa kumkubali au kumkataa. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba imani ni kipaji cha Mungu, na kipaji hakitolewi kwa kutishwa.

Uamuzi huo haukuwa uhuru kamili. Waothodoksi, Wayahudi na Waislamu hawakuhesabiwa miongoni mwa dini zilizokubaliwa na sheria. Hata hivyo, kwa Ulaya ya wakati ule, ambamo mtawala ndiye aliyeamua dini ya raia wake, lilikuwa jambo kubwa. Sauti iliyosikika zaidi nyuma yake ilikuwa ya mhubiri wa mfalme, Dávid Ferenc wa mji wa Kolozsvár, mtu ambaye katika maisha yake alikuwa Mkatoliki, kisha Mlutheri, kisha Mkalvini, na hatimaye akaukana Utatu.

Mwisho wa Dávid una funzo linalouhusu mhadhara huu moja kwa moja. Mfalme alifariki mwaka 1571, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kuzuia uzushi wa mambo mapya katika dini. Kundi la Dávid lilitambuliwa kisheria kwa sharti kwamba lisiendelee kufikiri kupita pale lilipofika. Yeye aliendelea. Alifundisha kwamba, kama Mungu ni mmoja, sala zielekezwe kwake peke yake, wala si kwa Kristo. Akashtakiwa, akahukumiwa, akafia gerezani katika ngome ya Déva mwezi Novemba 1579. Kanisa lake lilibaki. Jina la Uunitaria lilipoingia katika kumbukumbu za baraza la nchi mwaka 1600, lilikuwa jina la watu waliosalimika kwa kukubali kuwekewa mpaka.

Tangu mwanzo, basi, jumuiya hii imebeba mvutano ndani yake. Ikiiandika misingi yake na kuifunga, inapata usalama, lakini inapoteza kile kilichoizaa. Isipoiandika, inabaki huru, lakini haijui itashikamana kwa kitu gani.

Neno linasafiri hadi Calcutta

Njia iliyoufikisha Uunitaria katika milima ya Khasi ilipitia Calcutta, na huko ilikutana na msamiati ambao msomaji wa Kiswahili ataufahamu bila mkalimani. Rammohun Roy, mwanachuoni wa Kibengali aliyesoma Kiajemi na Kiarabu, aliandika mnamo mwaka 1804 kijitabu kwa Kiajemi chenye dibaji ya Kiarabu. Alikiita Tuhfat al-Muwahhidin, yaani zawadi kwa wanaompwekesha Mungu. Mzizi wa jina hilo ni uleule uliokipa Kiswahili maneno wahidi na tauhidi.

Baadaye Roy alishirikiana na wamisionari wa Kibaptisti kuzitafsiri Injili kwa Kibengali. Walipoufikia mwanzo wa Injili ya Yohana, palitokea mzozo juu ya kihusishi kimoja cha Kiyunani. Je, vitu vyote viliumbwa na Neno, au viliumbwa kupitia kwa Neno? Tofauti hiyo si ndogo, na Kiswahili kinaionyesha kwa uwazi. Nyumba iliyojengwa na Juma ina mwenyewe aliyeijenga. Nyumba iliyojengwa kwa mawe, au iliyojengwa kupitia kwa fundi, inatuacha tukimtafuta aliyeamuru. Mmisionari mmoja, William Adam, alishawishika kwamba kihusishi kile kilitaja njia na si chanzo. Kwa kufuata hoja hiyo akaacha kuuamini Utatu, na mwaka 1821 ikaundwa Calcutta kamati ya Kiunitaria yeye na Roy wakiwamo. Ni nadra katika historia ya dini kumwona mtu anabadili imani akiwa mezani pa tafsiri.

Kamati hiyo haikudumu. Roy alianzisha mwaka 1828 jumuiya ya Kihindi ya kumwabudu Mungu mmoja, iliyojulikana baadaye kama Brahmo Samaj, na alifariki mwaka 1833 karibu na Bristol, Uingereza, alikokuwa mgeni wa Waunitaria. Mwaka 1855 Waunitaria wa Marekani walimtuma Charles Dall kwenda Calcutta, naye akabaki huko hadi kifo chake mwaka 1886. Alikuwa katika mwaka wake wa mwisho alipopokea barua kutoka kwa kijana wa milimani ambaye hakuwa amepata kumwona.

Jowai, 1887

Wakhasi wanaishi katika nyanda za juu ambazo tangu mwaka 1972 zimo katika jimbo la Meghalaya. Lugha yao ni ya jamii ya Kiaustroasia, haina udugu na Kihindi wala Kibengali, na ukoo kwao hufuatwa kwa upande wa mama. Mwaka 1841 Thomas Jones, mmisionari kutoka Wales, aliwasili huko akaanza kuiandika lugha hiyo kwa herufi za Kirumi, kwa tahajia iliyoathiriwa na Kiwelshi chake. Miaka mitatu baadaye Ludwig Krapf aliwasili Mombasa na kuanza kazi kama hiyo kwa Kiswahili. Tofauti ni kwamba Krapf aliikuta lugha iliyokwisha kuandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Yamkini ndiyo sababu msamiati wa dini wa Kiswahili haukuwahi kuwa mali ya misheni peke yake.

Hajom Kissor Singh alizaliwa mwaka 1865, akasoma katika shule za misheni, na akiwa na umri wa miaka 15 alijiunga na kanisa la Wamethodisti wa Kikalvini wa Wales. Hakudumu. Alipoisoma Biblia mwenyewe aliona kwamba mafundisho ya moto wa milele na ya Utatu hayakulingana na yale aliyoyasoma katika maneno ya Yesu kuhusu upendo wa Mungu. Wala hakurudi katika desturi za wazee wake kama alivyoziacha, kwa maana aliona ndani yake hofu nyingi ya pepo na kafara nyingi za kuwatuliza. Alibaki katikati, hana jina la kujiita. Ndipo mtu mmoja alipomweleza kwamba Calcutta yuko mchungaji mwenye mawazo kama yake, na kwamba watu wa namna hiyo huitwa Waunitaria.

Mpangilio huo unastahili kutiliwa mkazo. Kwa kawaida misheni huleta jina kwanza, na maana hufuata kwa mafundisho. Hapa maana ilitangulia na jina likafuata kwa barua. Dall alimpelekea maandishi ya William Ellery Channing, mhubiri wa Boston ambaye hotuba yake ya mwaka 1819 mjini Baltimore iliwapa Waunitaria wa Marekani tamko lao. Kissor Singh alikubali jina, lakini hakusubiri mchungaji. Tarehe 18 Septemba 1887 alikusanya watu wachache nyumbani kwake Jowai, wakaabudu kwa Kikhasi. Siku hiyo huadhimishwa hadi leo na Waunitaria wa milima ile, ambao sasa ni maelfu. Jabez Sunderland, Mwunitaria kutoka Marekani, alipowazuru mwaka 1896, alilikuta kanisa lililokwisha kuwa na nyimbo na sala zake, nyingi zikiwa kazi ya mkono wa Kissor Singh.

Jamaa wale waliiita dini yao kwa neno la Kikhasi, niam. Neno hilo hulinganishwa na niyama la Kisanskriti, ambalo maana yake ni kanuni. Kwa hiyo Wakhasi nao walikuwa na fumbo lilelile la Kiswahili: neno la dini lilikuwa limebeba kipimo ndani yake. Hawakulitupa. Walilijaza maana nyingine kwa jinsi walivyoishi chini yake.

Misingi na mizani ya Kiswahili

Miongoni mwa mambo ambayo Kissor Singh aliyataja kuwa msingi wa imani ya jamaa yake ni umoja wa Mungu, ubaba na umama wa Mungu, undugu wa wanadamu, upendo, na muungano. Yafaa mambo haya yapimwe moja baada ya jingine kwa mizani ya Kiswahili.

Umoja wa Mungu na muungano wa watu ni mambo mawili tofauti, lakini Kiswahili cha kila siku huyaita yote umoja. Katika sarufi, umoja ni kinyume cha wingi. Katika siasa na maisha, umoja ni wingi uliokubaliana. Kilatini kilichozaa jina la Waunitaria kina utata huohuo, na historia ya jumuiya imeuonyesha: jina lililotaja idadi ya nafsi za Mungu katika karne ya 16 lilifikia kusikika, katika karne ya 20, kama jina la watu wanaotafuta umoja wa wanadamu. Kiswahili, hata hivyo, kina akiba ambayo Kilatini hakina. Wanazuoni wa Kiislamu wa pwani husema kumpwekesha Mungu. Mzizi ni pweke, na upweke huo ni sifa kwa Mungu na msiba kwa binadamu. Anayempwekesha Mungu anasema kwamba hana mwenzi. Anayemwacha jirani katika upweke amemkosea.

Jozi ya pili inashangaza zaidi. Kikundi kidogo cha waumini wanaokutana, wanaosali na kusaidiana, kwa Kiswahili huitwa ushirika. Neno hilo limetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao pia umezaa shirki, yaani dhambi ya kumwekea Mungu washirika, dhambi iliyo kinyume kabisa na tauhidi. Mzizi mmoja umetoa jambo lililokatazwa kabisa kwa Mungu na jambo lililoamrishwa kwa watu. Msomaji asidhani kwamba lugha imejichanganya. Imani ya Jowai inaweza kuelezwa vizuri kwa kuyaweka maneno hayo mawili pamoja: kwa kuwa Mungu hana mshirika, hakuna binadamu anayeweza kudai kuwa karibu naye kuliko wenzake, na kwa hiyo wote wanabaki washirika wao kwa wao.

Kuhusu ubaba na umama, Kikhasi humlazimisha msemaji kuchagua. Nomino hutanguliwa na u kwa jinsi ya kiume au ka kwa jinsi ya kike, na Mungu kwa kawaida hutajwa kama U Blei. Katika jamii ambayo mtoto hupata ukoo kwa mama yake, kumwita Mungu baba tu kungeacha nusu ya heshima nje ya mlango. Kissor Singh aliongeza umama. Hakuhitaji hoja ndefu, kwa sababu wasikilizaji wake walijua nyumba husimama kwa nani. Kiswahili hakina ugumu huo wa kisarufi. Mungu, ijapokuwa wingi wake ni miungu, huchukua upatanisho wa viumbe hai, na kiambishi a- hakisemi kama anayetajwa ni mume au mke. Ubaba wa Mungu katika Kiswahili umeletwa na mafundisho wala si na sarufi, na mwenye kutaka kusema habari za umama wake hahitaji kuvunja sentensi.

Agano mahali pa kanuni

Bado swali la mwanzo halijajibiwa. Wakosoaji wa Waunitaria wamesema mara nyingi kwamba jumuiya isiyo na kanuni ya imani ni baraza la mazungumzo tu, na kwamba siku ya msiba itatawanyika. Hoja hiyo si dhaifu. Katika kanisa kubwa watu wanaotofautiana wanaweza kukaa mbali wasikutane. Katika kikundi cha watu kumi, kila tofauti ya mawazo huketi kwenye mkeka mmoja na mwenzake.

Jibu lililotolewa na upande wa Marekani wa historia hii ni agano. Makanisa ya New England, ambayo mengi yake yaligeuka kuwa ya Kiunitaria mwanzoni mwa karne ya 19, yalikuwa yamekubaliana katika Waraka wa Cambridge wa mwaka 1648 kwamba kanisa huundwa kwa ahadi ambayo watu wa mahali hupeana. Mafundisho yalipobadilika, ahadi ilibaki. Mwaka 1948 Chama cha Waunitaria wa Marekani kilianza kuhimiza vikundi vidogo visivyo na mchungaji, na watu kumi walitosha kuanza. Mamia ya vikundi hivyo viliundwa katika miaka 20 iliyofuata, vikiongozwa na waumini wenyewe. Mwaka 1961 Waunitaria waliungana na Wauniversali, waliofundisha kwamba hakuna atakayepotea milele, na mwaka 1985 jumuiya yao ikapitisha misingi saba, kuanzia utu na heshima ya kila mtu hadi kutegemeana kwa viumbe vyote.

Misingi hiyo iliandikwa kama ahadi kati ya makanisa. Lakini kwa kadiri miaka ilivyopita, watoto waliifundishwa kwa moyo, ikabandikwa ukutani, na wapo walioanza kuisema kwa sauti ileile ambayo wengine huisema Kanuni ya Imani. Mwezi Juni 2024 mkutano mkuu uliiondoa katika katiba na kuweka mahali pake tunu zenye upendo katikati. Wapo waliohuzunika, wakihisi wamenyang'anywa kitu chao. Huzuni yao ilithibitisha hatari iliyokuwapo: ahadi ilikuwa imeanza kugeuka kipimo. Mvutano uliomfikisha Dávid gerezani ulikuwa umerudi, safari hii kwa kura na bila minyororo.

Kwa mfasiri, historia hiyo inatoa mwongozo. Misingi ya mwaka 1985 isiitwe kanuni. Neno misingi linatosha, kwa sababu msingi hubeba nyumba bila kumpima anayeingia. Matamko ya mwaka 2024 yanaitwa tunu kwa usahihi, kwa kuwa tunu ni kitu cha thamani kinachotunzwa. Kinachoyashikilia yote mawili ni agano, neno lenye asili ya Kibantu, kutoka katika kitenzi kuagana, ambacho hutumika kwa watu wanaowekeana mapatano na pia kwa watu wanaoachana njiani. Lenye asili ya Kiarabu ni ahadi, ambalo mwanafunzi aangalie asilihusishe na ahad, mmoja. Maneno hayo mawili yana mizizi tofauti, na yanafanana kwa sababu Kiswahili hakikuichukua sauti ya ain iliyoyatenga.

Hitimisho

Vikundi vidogo vya Waunitaria viliundwa Burundi na Kenya mwanzoni mwa karne hii, na kwa hiyo swali la maneno haya limekwisha kufika katika nchi za wasemaji wa Kiswahili. Huenda vikaandikiwa misingi yao kwa Kiingereza au Kifaransa na kuitafsiri, kama ilivyo kawaida. Mfano wa Jowai unaonyesha njia nyingine. Watu wale walipokea jina kutoka mbali, lakini misingi waliiandika katika lugha waliyoombolezea na kuimbia, na kila neno likawadai watoe hesabu: niam, ka na u, undugu na ukoo.

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mafya matatu huwekwa mbalimbali, kila moja upande wake, na chungu hukaa kwa sababu ya umbali huo uliopimwa vizuri. Kissor Singh alifariki mwaka 1923. Jamaa aliyoianza nyumbani kwake haikuwa na kanuni ya imani ya kuilinda, wala serikali ya kuitetea. Kila mwaka ifikapo tarehe 18 Septemba, wenyewe hukutana na kuabudu kwa Kikhasi.